Maradhi ya Akili Huanza Lini? Maelezo kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Maneno "mgonjwa wa akili" yakitamkwa, wengi wetu hujiwa na picha ya mtu mzima: mwenye nywele zisizochanwa, azungukaye sokoni akizungumza peke yake, ambaye watoto humkimbia au humzomea. Ni nadra mtu kumfikiria mtoto aketiye dawati la tatu, mwenye sare safi, na daftari lililojaa mistari iliyofutwa na kuandikwa upya mara sita. Lakini uchunguzi uliofanywa kwa miaka mingi katika nchi mbalimbali unaonyesha kwamba sehemu kubwa ya maradhi ya akili huanza utotoni au katika miaka ya mwanzo ya ujana, yaani wakati uleule mtoto awapo mikononi mwa mwalimu. Yule mtu wa sokoni naye aliwahi kuwa mwanafunzi wa mtu. Dalili zake za kwanza huenda zilionekana darasani, zikaitwa uvivu, ukaidi, haya, au kurogwa.

Historia ya hospitali zetu nayo imechangia picha hiyo. Hospitali ya Lutindi, katika milima ya Usambara, ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1904, enzi ya Wadachi. Mathari ya Nairobi ilianza mwaka 1910, na Mirembe ya Dodoma mwaka 1927. Katika enzi ya ukoloni kazi kubwa ya nyumba za namna hiyo ilikuwa kuwatenga watu walioonekana kuwa hatari au kero kwa wengine. Mgonjwa alifikishwa huko maradhi yalipokwisha kukomaa, tena mara nyingi kwa nguvu. Hivyo jamii ikazoea kuyaona maradhi haya yakiwa yamekwisha kuwa makubwa, ikasahau kwamba kila kilicho kikubwa kilianza kidogo mahali fulani na siku fulani.

Makala haya yanaeleza ni katika umri gani maradhi mbalimbali huanza, kwa nini yaanze wakati huo, na mambo gani yampasa mwalimu kuyaangalia. Hayakusudii kumfanya mwanachuo kuwa tabibu. Kazi ya kuyapa maradhi jina ni ya mganga wa hospitali. Kazi ya mwalimu ni kuona na kusema mapema.

Kwanza yafaa tuelewane juu ya neno "kuanza". Maradhi ya akili hayaanzi kama mtu avunjikavyo mguu, ambapo saa na mahali hujulikana. Tuna tarehe tatu zinazotofautiana. Ya kwanza ni siku ambayo badiliko dogo lilionekana: usingizi uliopotea, michezo iliyoachwa, maneno yaliyopungua. Ya pili ni wakati dalili zilipokuwa nyingi na nzito kiasi cha kuitwa maradhi. Ya tatu ni siku mgonjwa alipofikishwa kwa mganga. Kati ya tarehe ya kwanza na ya tatu miaka mingi huweza kupita. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulionyesha kwamba hata katika nchi ile yenye madaktari wengi, watu wenye maradhi ya huzuni hukawia kwa kawaida miaka 6 hadi 8 tangu kuugua hadi kutafuta matibabu, na wenye maradhi ya wasiwasi hukawia miaka 9 hadi 23. Maana yake ni kwamba mtoto aliyeanza kuteseka akiwa na miaka 8 huenda akaeleza shida yake kwa mara ya kwanza akiwa mzazi mwenye watoto wake mwenyewe.

Katika mwaka huohuo wa 2005, Ronald Kessler na wenzake walichapisha hesabu ambayo tangu hapo imetajwa mara nyingi sana: nusu ya watu wote wanaougua maradhi ya akili maishani mwao walianza kuugua kabla ya kutimiza miaka 14 au walipoitimiza, na robo tatu kabla ya miaka 24. Hesabu hiyo ilitokana na kuwauliza watu wazima wakumbuke yaliyowapata. Mwaka 2022 Marco Solmi na wenzake walikusanya pamoja tafiti 192 zenye watu zaidi ya 700,000, wakapata kwamba karibu theluthi moja ya wagonjwa walianza kabla ya miaka 14, karibu nusu kabla ya miaka 18, na zaidi kidogo ya asilimia 62 kabla ya miaka 25. Umri ambao ulikuwa na mianzo mingi kuliko umri mwingine wowote ulikuwa miaka 14 na nusu. Mwaka 2023 hesabu nyingine, iliyotokana na nchi 29 na watu zaidi ya 156,000, ilipata kilele kwenye miaka kama 15.

Mwanachuo makini atauliza: nusu kabla ya 14, au nusu kabla ya 18? Tofauti hii haipaswi kututia shaka juu ya jambo lenyewe. Hutegemea maradhi gani yamehesabiwa, na watu wameulizwaje. Tafiti zinazohesabu hofu za utotoni huleta umri mdogo. Zinazohesabu wale tu waliofika hospitali huleta umri mkubwa. Tena kumbukumbu ya mtu mzima si daftari. Aulizwaye akiwa na miaka 50 ni lini alianza kuogopa watu hujibu kwa kukisia. Lakini hesabu zote hizo, kwa njia zake mbalimbali, zinaelekeza kidole kwenye miaka ileile: ya mwisho ya shule ya msingi na ya mwanzo ya sekondari.

Hata hivyo, kusema "maradhi ya akili" kwa jumla ni kama kusema "maradhi ya tumbo". Kila maradhi yana umri wake, na hapa ndipo penye faida kubwa kwa mwalimu.

Yako ambayo huonekana kabla mtoto hajakanyaga shule. Usonji, ambao Leo Kanner aliueleza mwaka 1943 kwa kuwataja watoto 11 aliowachunguza Marekani, huonyesha dalili zake katika miaka mitatu ya kwanza ya uhai. Mtoto haitiki jina lake, hamwonyeshi mama yake kitu kwa kidole, hurudia mchezo mmoja mchana kutwa, na hufadhaika sana njia ya kwenda kisimani inapobadilishwa. Yeye hana upungufu wa malezi. Ameumbwa na ubongo unaoiona dunia kwa namna nyingine. Zamani baadhi ya wataalamu waliwalaumu mama wa watoto hao kwa kuwa na moyo baridi, na lawama hiyo iliwaumiza wazazi wengi bila haki yoyote. Imekwisha kukanushwa.

Karibu na umri wa kuanza shule huja hofu. Katika hesabu za Kessler, umri wa kati (yaani ule ambao nusu ya wagonjwa walianza kabla yake na nusu baada yake) wa hofu ya kitu maalumu, kama mnyama, damu au giza, ulikuwa miaka 7. Umri wa kati wa hofu ya kutengana na wazazi ulikuwa huohuo, na vivyo hivyo maradhi ya kutotulia na kukosa makini. Si ajabu kwamba yote matatu yanakutana penye mwaka ambao mtoto hutolewa nyumbani, huketishwa katikati ya watoto wengi, na kuambiwa anyamaze. Shule haikuyazaa, lakini shule ndiyo mahali yanapodhihirika. Mtoto asiyeweza kukaa kitako huko porini na mbuzi hakumsumbua mtu. Pengine alikuwa mchungaji hodari.

Ipo hali moja ya umri huu ambayo nadhani hatuitaji vya kutosha vyuoni. Ni ya mtoto azungumzaye vizuri nyumbani, acheka na ndugu zake, lakini akifika shuleni hatoi neno hata moja kwa miezi. Kwa kawaida hali hii huanza kabla ya miaka 5, na hutambuliwa shule inapoanza. Huzaliwa na hofu. Si kiburi, wala si ububu. Kumlazimisha asimame mbele ya darasa aseme huizidisha. Hapa pana tahadhari kwetu sisi: mtoto aliyelelewa kwa Kisukuma au Kimaasai, akaingia darasa linalofundishwa kwa lugha nyingine, naye hunyamaza majuma mengi kwa sababu anasikiliza na kujifunza. Huyo si mgonjwa. Njia ya kuwatofautisha ni kumsikiliza uwanjani anapocheza na wenzake wa lugha yake.

Kati ya miaka 11 na 15 hali hubadilika. Hofu ya kutazamwa na kuhukumiwa na watu ina umri wa kati wa miaka 13. Mwanafunzi aliyekuwa akinyosha mkono kila mara sasa hutazama chini, hutetemeka akiitwa ubaoni, na siku ya kusoma kwa sauti huwa mgonjwa wa tumbo. Ukaidi uliozidi mipaka, kupigana, kuiba na kuharibu mali nao hukomaa katika umri huo. Sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, huanza kupanda baada ya balehe. Kabla ya balehe wavulana na wasichana huipata kwa kiasi karibu sawa. Baada yake wasichana huipata karibu mara mbili ya wavulana. Sonona ya mtoto haifanani sikuzote na ya mtu mzima. Mara nyingi mtoto haonekani kuwa na huzuni. Huonekana mkali, mwenye hasira kwa jambo dogo, asiyetaka mchezo alioupenda, na maumivu ya kichwa yasiyo na homa. Kwa bahati mbaya huo ndio utaratibu hasa wa dalili unaomletea mtoto viboko.

Skizofrenia, ambayo ndiyo watu wengi huiita wazimu, kwa kawaida huja baadaye, kati ya mwisho wa ujana na miaka ya mwanzo ya utu uzima. Kwa wanaume huwahi zaidi; kwa wanawake huchelewa kwa miaka kama 3 au 4, na baadhi yao huipata baada ya miaka 45. Tangu zamani umri huu uliwashangaza wataalamu. Mjerumani Emil Kraepelin, mwishoni mwa karne ya 19, aliyaita maradhi hayo kwa jina la Kilatini lenye maana ya kupotewa na akili mapema, kwa kuwa alizoea kuona akili zikipotea uzeeni na hapa aliwaona vijana. Mwaka 1908 Eugen Bleuler wa Uswisi alileta jina tulitumialo sasa, akisema kwamba si wote wanaoharibikiwa kabisa, na si wote wanaoanza mapema. Ni nadra sana skizofrenia kuanza kabla ya miaka 13, na mwalimu wa shule ya msingi huenda akastaafu bila kuiona. Hata hivyo, kama tutakavyoona, nyayo zake huweza kupita darasani kwake.

Katika mji wa Dunedin, kusini mwa New Zealand, watoto 1,037 waliozaliwa kati ya Aprili 1972 na Machi 1973 walichaguliwa kufuatiliwa maisha yao yote. Hawakuulizwa wakumbuke utoto wao. Waliitwa tena na tena, wakapimwa na kuhojiwa kila baada ya miaka michache, na wengi mno wakaendelea kuja hata walipokuwa watu wazima. Hii ndiyo njia bora ya kujua maradhi huanza lini, kwa kuwa haitegemei kumbukumbu. Walipofika miaka 26 walichunguzwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2003: kati ya wale waliokuwa na maradhi ya akili wakati huo, nusu walikuwa wameonekana kuwa na maradhi kabla ya miaka 15, na karibu robo tatu kabla ya miaka 18. Kwa maneno mengine, mgonjwa mpya kabisa miongoni mwa watu wazima alikuwa mtu wa kutafutwa.

Jambo jingine lililopatikana Dunedin linatugusa zaidi. Watoto hao walipokuwa na miaka 11 waliulizwa maswali machache, kama vile iwapo wamewahi kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au kuona kwamba watu wanasoma mawazo yao. Wachache sana walijibu ndiyo kwa namna iliyo thabiti. Walipofika miaka 26, uwezekano wa wachache hao kuwa na maradhi ya jamii ya skizofrenia ulikuwa kama mara 16 ya wenzao. Hata hivyo, si kila mtoto aliyejibu ndiyo aliugua, wengi hawakuugua. Mtoto asemaye kwamba amesikia sauti ya marehemu bibi yake huenda anaomboleza tu, na katika jamii zetu huenda anasema lile alilolisikia likisemwa na wakubwa.

Uingereza nako walichukua watoto waliozaliwa katika juma moja la Machi 1946, wakawafuatilia. Mwaka 1994 Peter Jones na wenzake walitazama nyuma, wakawachagua 30 waliopata skizofrenia wakiwa wakubwa, wakasoma kumbukumbu zao za utotoni. Watoto hao walichelewa kidogo kutembea, zaidi ya mwezi mmoja tu kwa wastani. Walikuwa na shida za usemi kuliko wenzao. Walipokuwa na miaka 4 na 6 walipenda kucheza peke yao. Walipofika miaka 15, walimu wao waliandika kwamba walikuwa na wasiwasi mbele za watu. Napenda mwanachuo alitazame hilo la mwisho kwa makini. Walimu wale hawakujua kwamba wanaandika historia ya maradhi. Walijaza taarifa ya mwanafunzi kama walivyotakiwa, kwa uaminifu, na miaka mingi baadaye maandishi yao yakawa ushahidi wa kisayansi. Wangaliandika "tabia: nzuri" kwa kila mtoto, kama tufanyavyo wengi wetu mwisho wa muhula, pasingalikuwa na la kusoma.

Sasa kwa nini maradhi yaanze wakati huu na si mwingine? Sehemu ya jibu imo ndani ya ubongo wenyewe. Mtoto mchanga huzaliwa na chembe nyingi za neva, na katika miaka ya kwanza viungio baina ya chembe hizo huongezeka kwa wingi kuliko vitakavyohitajiwa. Mwaka 1979 Peter Huttenlocher wa Chicago alichapisha hesabu ya viungio hivyo alivyovihesabu katika ubongo wa watu waliofariki wakiwa na umri mbalimbali, akaonyesha kwamba mtoto mdogo ana vingi kuliko mtu mzima. Tangu utoto hadi ujana ubongo hupogoa, kama mkulima apogoavyo mibuni yake: matawi yasiyotumika huondolewa ili yatumikayo yapate nguvu. Sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo hutuwezesha kupanga, kujizuia na kupima matokeo ya vitendo vyetu, ndiyo huchelewa kukomaa. Huendelea hadi miaka ya ishirini na kitu. Mwaka 1982 Irwin Feinberg alitoa wazo kwamba huenda skizofrenia hutokana na upogoaji huo kwenda kombo wakati wa ujana. Uchunguzi wa urithi uliofuata umelipa wazo hilo nguvu, ingawa si maelezo kamili.

Wakati huohuo balehe humwaga homoni mwilini, usingizi husogea usiku zaidi, na dunia ya kijana hubadilika. Marafiki huwa muhimu kuliko wazazi, mtihani huamua nani aendelee na nani abaki, wengine huingizwa jandoni au unyagoni, wengine hupelekwa mjini kufanya kazi za nyumbani kwa watu. Mtoto mwenye urithi wa maradhi katika ukoo wake, au aliyepigwa, kunajisiwa, kufiwa au kukimbia vita, hufika kwenye njia panda hii akiwa na mzigo mzito kuliko wenzake. Bangi nayo ina sehemu yake. Mwaka 1987 ilichapishwa taarifa ya vijana zaidi ya 45,000 walioitwa jeshini Sweden: wale waliokuwa wamevuta bangi zaidi ya mara 50 kabla ya kuingia jeshini walipata skizofrenia baadaye kwa kiwango cha mara 6 ya wasiovuta. Dunedin iliongeza kwamba aliyeanza akiwa na miaka 15 alikuwa katika hatari kubwa kuliko aliyeanza akiwa na 18. Umri, basi, si tarehe tu. Ni hali ya ubongo wakati sumu au msiba unapoufikia.

Baada ya maelezo haya ipo hatari kwamba mwanachuo ataingia darasani katika mazoezi ya kufundisha na kuona wagonjwa kila dawati. Afadhali nieleze makosa yanayotokea mara nyingi.

Kosa la kwanza ni kuuita umri maradhi. Katika jimbo la British Columbia, nchini Kanada, watoto huingizwa shule kwa mwaka wa kalenda. Uchunguzi wa watoto zaidi ya 900,000 uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba wavulana waliozaliwa Desemba, yaani wadogo kabisa wa darasa, walipewa jina la maradhi ya kutotulia kwa asilimia 30 zaidi ya wale waliozaliwa Januari. Kwa wasichana ilikuwa asilimia 70 zaidi. Hakuna maradhi yanayochagua Desemba. Walimu na madaktari walikuwa wakimlinganisha mtoto na mwenziwe aliyemzidi karibu mwaka mzima. Kwetu, ambako katika darasa la kwanza huweza kukutwa mtoto wa miaka 6 na mwingine wa 9, kosa hili laweza kuwa kubwa zaidi. Kabla ya kusema mtoto hatulii, tazama daftari la uandikishaji ujue alizaliwa lini.

La pili ni kusahau mwili. Mtoto asiyesikia vizuri kwa sababu ya masikio yatokayo usaha huonekana mjinga au mkaidi. Asiyeona ubaoni huzungumza na jirani. Aliyekuja bila kula hulala. Aliyewahi kuugua malaria ya kichwani huweza kubakiwa na upungufu wa makini au usemi. Pima kwanza masikio, macho na tumbo. Ni vipimo rahisi, na mwalimu anaweza kuvianza mwenyewe kwa kumnong'oneza mtoto akiwa nyuma yake, na kumwuliza alikula nini jana usiku.

La tatu ni kifafa. Kifafa ni maradhi ya ubongo, si wazimu, wala hakiambukizwi kwa povu au mate. Huko Mahenge, mkoani Morogoro, daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960 baada ya kuwakuta wagonjwa wakitengwa na kuogopwa, wengine wakiwa na makovu ya moto kwa sababu waliangukia mafigani na hakuna aliyethubutu kuwagusa. Kwa vidonge vya bei nafuu wengi walipata nafuu kubwa. Mtoto anayezubaa kwa sekunde chache mara nyingi kwa siku, macho yamekazwa, kisha akaendelea kana kwamba hakikutokea kitu, huenda ana aina ya kifafa isiyomwangusha. Mwalimu humdhani anaota ndoto za mchana.

Na liko tukio moja la nchi yetu linalostahili kukumbukwa kila inapozungumzwa habari ya umri na akili. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha karibu na Bukoba, wasichana watatu walianza kucheka na kulia bila kuweza kujizuia. Hali ikaenea hadi wasichana 95 kati ya 159, wote wakiwa na umri wa miaka 12 hadi 18, na shule ikafungwa tarehe 18 Machi. Walimu hawakupatwa. Wasichana waliporudishwa makwao, hali ikajitokeza vijijini na katika shule nyingine. Madaktari Rankin na Philip walichunguza damu, chakula na maji, hawakuona sumu wala kijidudu. Waliichapisha habari hiyo mwaka 1963. Wasichana wale hawakuwa vichaa. Ilikuwa hofu na shinikizo lililokosa mlango wa kutokea, likaenea kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine katika umri ambao vijana hutazamana sana. Jambo la namna hiyo likitokea shuleni kwako, kuwatenganisha kwa upole, kupunguza watazamaji na kutuliza shughuli husaidia kuliko kukusanya umati wa maombi uwanjani au kumtafuta mchawi. Nimekwisha kuona mahali ambapo mama mzee jirani na shule alishukiwa, na ubaya uliofuata ulimzidi kila mtu kimo.

Katika kazi ya kila siku, dalili moja peke yake haina uzito mkubwa. Lenye uzito ni badiliko: mtoto aliyekuwa hivi amekuwa vile, na hali hiyo imedumu kwa majuma, na imeingia katika zaidi ya jambo moja, kama vile masomo, usafi, chakula na urafiki. Ukiliona, zungumza naye peke yake, mahali panapoonekana na watu lakini pasiposikika. Usimwulize "una nini wewe?" Mwambie ulichokiona: kwamba tangu sikukuu hachezi mpira tena, na kwamba umelala ukimfikiria. Akisema kwamba heri afe, usimkemee kwa kukufuru, wala usiogope kumwuliza waziwazi kama amefikiri kujidhuru. Kuuliza hakumtii mtoto wazo hilo. Usimwache peke yake siku hiyo. Mpeleke kwa mkubwa anayemwamini, na kwenye kituo cha afya.

Kwa wazazi nenda na heshima. Pengine wamekwisha kwenda kwa mganga wa kienyeji, kwa shehe au kwa padri. Mwalimu kijana anayeanza kwa kuwakejeli atafungiwa mlango, na mtoto atabaki ndani. Waombe waongeze zahanati juu ya hayo wanayoyafanya, na ujitolee kufuatana nao.

Kuhusu fimbo sitaficha maoni yangu. Hakuna hata moja kati ya maradhi yaliyotajwa hapa linaloponywa kwa fimbo, na mengi yao huzidishwa nayo. Mwenye sonona hupata uthibitisho kwamba kweli hana thamani. Mwenye hofu hujifunza kwamba alikuwa na haki ya kuogopa.

Mwisho, daftari. Kila mwalimu wa darasa na awe na daftari dogo la kumbukumbu za wanafunzi, lisilosomwa na watoto, linalofuatana na darasa kutoka kwa mwalimu mmoja hadi mwingine. Ndani yake asiandike hukumu. Aandike alichokiona na tarehe. "Mvivu, mtoro, ana mashetani" haimsaidii mganga wala mwalimu wa mwaka ujao. Afadhali maneno kama haya: "Tangu juma la pili la Mei hafanyi hesabu alizoziweza Machi. Huketi peke yake wakati wa mapumziko. Amelala darasani siku nne. Mama amesema halali usiku. Masikio yametazamwa, ni mazima. Ameelekezwa zahanati tarehe 3 Juni. Baba ameahidi kumpeleka siku ya gulio."